Flashi Haikumfikia Susu

Wasee, kuna stori nimeizunguka miezi mingi. Leo naimaliza.

Ukifungua simu saa hizi utaona flashi imerudi. Ile flashi kali ya moja kwa moja, kama ya zile kamera ndogo ambazo wazazi wetu walizitoa mfukoni kwenye harusi. Mtu wa Wote amefanya bathidei, flashi. Mabeste wanne kwenye kioo cha choo cha klabu, flashi. Mwingine amepanda jiwe la Nzambani pale Kitui jioni, ameweka simu 0.5, miguu imekuwa mirefu kama ya twiga na uso unang'aa kama sahani mpya. Watu wanaipenda hiyo sura, na kusema ukweli hata mimi naipenda. Imenipa kazi. Kuna miezi imelipa kodi ya chumba changu.

Shida yangu ni moja. Flashi iliyojengwa ndani ya kamera na lenzi pana hazielewani. Lenzi pana inawaambia watu, "Njooni wote, nafasi iko." Flashi nayo ina mwanga wa watu wa katikati tu. Unabonyeza, unaona wote wameingia kwenye fremu, unafurahi. Halafu ukifika nyumbani unakuta kuna mtu alikaa gizani na hukumwona.

Kwangu mimi mtu huyo alikuwa susu. Kwa wasio Wakamba, susu ni nyanya.

Nianze na kamera yenyewe. Niliacha chuo kikuu mwaka wa pili. Sitaipamba hiyo sehemu. Karo ilikwama, muhula mmoja ukawa miwili, nikawa naingia darasani kama mgeni, halafu siku moja sikurudi. Kinachoniuma ni kwamba nilipokuwa naenda kujiunga, susu aliuza mbuzi wawili. Huko kwetu Kitui Kusini mvua ikikosa msimu mmoja, mbuzi ndio akaunti ya benki. Kwa hivyo nilipoacha, kila mtu alikuwa na hotuba. Wajomba walikuwa na hotuba, shangazi alikuwa na hotuba, mpaka jamaa wa bodaboda aliyenibeba kutoka stejini alikuwa na yake, na nililipa nauli juu yake.

Susu aliniuliza swali moja tu. Alichukua ile Canon 700D niliyonunua mtumba, akaipima mkononi kama mtu anayepima kuku sokoni, akasema, "Hii inakula nini?"

Nikamwambia inakula betri tu, susu.

"Basi ni afadhali kuliko mbuzi." Akacheka mpaka akakohoa. Mambo ya chuo hakuyagusa tena mpaka mwisho.

Agosti iliyofuata binamu yangu akaletewa ntheo. Kama umekulia mjini na hujawahi kuona, ni hivi: kwa Wakamba mwanamume anaweza kutoa vitu vingine vyote, lakini kama mbuzi wa ntheo hawajafika kwa kina msichana, wazee hawahesabu kwamba kuna ndoa. Huwa ni mbuzi watatu. Hiyo siku familia mbili zinakaa pamoja, zinakula pamoja, na kuanzia hapo mnaitana watu wa kwetu. Ni siku ya picha, yaani kama kuna siku moja unafaa kupiga vizuri ni hiyo.

Wageni walikuwa wanatoka Mbooni, juu huko Makueni kwenye milima na baridi. Kwa susu ni kati ya Ikutha na Mutomo, kwenye mibuyu na vumbi jekundu. Mimi nilitoka Wote alfajiri, nikashuka mpaka Makindu, nikashika barabara ya Mombasa hadi Kibwezi, halafu ile lami inayoelekea Kitui. Ukivuka mto Athi unajua umetoka Makueni, umeingia musyi.

Kwenye begi nilikuwa na lenzi yangu ya kawaida, ya milimita 18 hadi 55, ile inayokuja na kamera. Na nilikuwa na nyingine niliyoazima kwa beste wangu wa Emali: Canon ya milimita 10 hadi 18. Hiyo ndiyo niliyoitegemea. Nilikuwa nimeona video za watu wakipiga sebule ya futi kumi kwa kumi inatoka kama uwanja wa Nyayo. Nikajiambia, watu wakiwa arobaini, wote wataingia bila hata kurudi nyuma.

Wageni walikuwa wamesema watafika saa tano. Walifika saa tisa. Salamu zikachukua nusu saa. Wazee wakaingia ndani, mlango ukafungwa, na sisi wengine tukabaki nje tukinusa nyama. Kila baada ya muda mjomba mmoja alitoka, akamwangalia mbuzi mmoja kwa makini, akarudi ndani. Baadaye tukasikia kwamba wazee wa kwetu walikuwa wanasema huyo mbuzi ni mwembamba. Wale wa Mbooni walikuwa wanasema amechoka na safari.

Walipokubaliana jua lilikuwa limezama. Saa moja kasoro. Kwa susu hakuna stima, kuna sola moja inayowasha taa ya jikoni na kuchaji simu. Wageni walikuwa na Probox mbili na matatu moja, na safari ndefu ya kurudi. Mtu akapaza sauti, "Picha! Picha ya wote kabla hawajaenda!"

Tulikuwa na kama dakika tano. Watu wakajipanga wenyewe mbele ya nyumba. Warefu nyuma, kina mama katikati, bibi harusi na bwana harusi kwenye viti, watoto chini. Susu aliletewa kiti cha plastiki katikati kabisa. Akakikataa. Akasema kiti apewe mamake bwana harusi, yeye ndiye mgeni. Susu akaketi kwenye mkeka pamoja na vitukuu, mbele kabisa, katikati kabisa, na mtoto wa miezi sita mapajani. Alikuwa amejifunga leso mpya ya bluu.

Mimi nikapanda juu ya kreti ya soda ili niwaone wa nyuma. Nikafungua lenzi mpaka milimita 10. Wueh! Kila mtu aliingia. Mbuzi mmoja aliingia. Nusu ya choo iliingia. Nikabonyeza kitufe, flashi ndogo ikaruka juu ya kamera. Na mbele ya lenzi nilikuwa nimeacha ile kofia yake ya plastiki, ile yenye mikato kama petali za ua. Usiku kofia hiyo haina kazi yoyote, lakini ilinifanya nionekane mtu wa kazi. Kumbuka hiyo kofia.

Nikapiga nne. Nikaangalia kioo cha nyuma ya kamera. Katikati kunang'aa, nyuso ziko, bibi harusi anatabasamu. Kwenye giza kile kioo kidogo kinakudanganya, kila picha inaonekana tamu. Sikuzumu hata moja.

Susu akaniuliza kutoka mkekani, "Nimetoka?"

Nikamjibu, "Umetoka vizuri sana, susu."

Kesho yake usiku, Wote, nikafungua laptopu.

Mamake bwana harusi na maharusi wenyewe walikuwa weupe kama waliomwagiwa unga. Waliosimama nyuma walikuwa wa kijivu. Waliokuwa pembeni, kushoto na kulia, walikuwa giza. Hapa na pale kulikuwa na viduara vyeupe vinavyoelea hewani, kwa sababu mbuzi walikuwa wametimua vumbi na flashi ilimulika chembe zilizokuwa karibu na lenzi. Shangazi alipoviona baadaye alikuwa na maelezo yake ya kiroho, sitaingia huko. Na chini, katikati, kulikuwa na nusu mwezi mweusi. Mviringo safi kabisa, kama mtu ameweka sufuria mbele ya picha. Ulikuwa umefunika mkeka wote wa katikati. Picha zote nne.

Nikavuta mwanga juu mpaka mwisho. Kilichotoka ni rangi zilizovunjika kama mchanga, na kipande kidogo cha bluu. Hiyo ilikuwa leso. Uso haukuwepo.

Sikumwambia mtu. Nikatuma kwenye grupu ya familia picha za mbuzi, za nyama, za bibi harusi mchana. Mamangu alipouliza ile ya wote, nikasema bado naediti. Septemba nikasema bado naediti. Desemba nikasema laptopu ina shida.

Sasa nikueleze kilichotokea, kwa sababu hiki kitu kinaweza kukupata Jumamosi hii.

Cha kwanza ni upana. Flashi ndogo ya 700D imeundwa kumulika eneo ambalo lenzi ya milimita 17 inaona, na kitabu cha maelezo ya kamera kinasema hivyo. Kwenye kamera hiyo milimita 17 ni kama nyuzi 66 kutoka kushoto hadi kulia. Milimita 10 inaona kama nyuzi 96. Toa hesabu. Kuna kama nyuzi 30, 15 kila upande, ambazo lenzi inaona lakini flashi haikuahidi kuzimulika. Watu wa pembeni hawakufanya kosa lolote, walisimama tu mahali ambapo mwanga ulikuwa umeisha.

Cha pili ni kivuli. Hiyo flashi ikiruka inakaa sentimita chache tu juu ya lenzi. Lenzi ikiwa ndefu, au ikiwa imevaa kofia, inazuia mwanga unaoelekea chini, hivyo tu. Ukiwa umezumu huwezi kuona hicho kivuli, kwa sababu kinaanguka nje ya fremu. Lenzi pana ndiyo inayokionyesha, kwa sababu inaona mpaka ardhi iliyo karibu na miguu yako. Ukipanda juu ya kitu na kuinamisha kamera, kama mimi na kreti yangu, watu waliokaa chini wanaingia ndani ya kivuli kabisa. Picha ikiwa ya kulala, kivuli kinakaa chini katikati. Na nani huwa anakaa chini katikati kwenye picha za kwetu? Watoto na wazee. Ukiigeuza kamera wima, kivuli kinahamia ubavuni, lakini hakiondoki.

Cha tatu ni umbali, na hiki ndicho kinanichekesha kwa uchungu. Mwanga wa flashi ukienda mara mbili ya umbali, unabaki robo. Ukienda mara tatu, unabaki moja kwa tisa. Hiyo sheria niliiandika kwenye karatasi ya mtihani chuoni nikapata alama zote. Waliokaa mbele walikuwa mita 2 kutoka kwangu, waliosimama nyuma walikuwa zaidi ya mita 4. Kwa hivyo wa nyuma walipata chini ya robo ya mwanga. Kamera ikijaribu kuwasaidia wa nyuma inawachoma wa mbele, na ikiwaokoa wa mbele wa nyuma wanazama. Lenzi pana inakufanya usogee karibu, na ukisogea karibu tofauti ya mbele na nyuma inazidi kuwa kubwa.

Halafu nguvu yenyewe ni kidogo. Flashi hiyo ina namba ya nguvu 13, kwa mita, kwenye ISO 100. Gawanya 13 kwa tundu la lenzi, tuseme 4.5. Unapata kama mita 2.9. Hapo ndipo mwanga wake unatosha. Ukipandisha ISO mpaka 400 umbali unakuwa mara mbili, karibu mita 5.8. Ni flashi ya kumpiga beste wako mezani. Ukoo mzima kwenye uwanja wa Kitui usiku hauiwezi.

Na usijicheke ukisema wewe unatumia simu. Kwenye simu nyingi ile taa imepangwa kwa kamera kuu. Ukienda 0.5 unaona eneo kubwa zaidi lakini taa ni ileile. Ndiyo maana katikati kunawaka na pembeni kunazama. Ukiwa mmoja kwenye picha inaonekana kama staili. Mkiwa ishirini, kuna watu umewafuta.

Narudi kwa susu.

Februari alilala jioni, asubuhi hakuamka. Sitasema mengi hapo.

Siku ya pili tulikuwa tunapanga programu ya mazishi. Mamangu alikuwa jikoni kwa susu, ameketi kwenye kigoda, simu tatu mapajani. Akaniambia bila kuinua kichwa, "Toa ile picha ya ntheo. Ile ulimwambia ametoka vizuri."

Alikuwa amesikia. Siku ile alikuwa amesimama mstari wa pili.

Nikafungua laptopu nikamwonyesha. Sikuwa na uwongo mwingine. Akaangalia muda mrefu, akaweka kidole pale penye weusi.

"Alikuwa hapa?"

"Ndiyo, mum."

"Na ulijua tangu Agosti."

Nikanyamaza. Aliondoa kidole kwenye kioo, akakipangusa kwa leso kwa sababu kilikuwa na unga.

"Kutoka Agosti mpaka Februari ni miezi sita," akasema. "Kama ungeniambia, ningekutumia nauli. Ungekuja hata siku moja mchana, ukamweka chini ya mti, ukampiga. Angefurahi kukuona."

Hakupaza sauti. Ingekuwa afadhali angepaza.

Unajua, miezi hiyo yote nilikuwa najiambia kosa langu lilikuwa la kiufundi. Kofia, milimita, nyuzi. Hilo kosa lilikuwa la sekunde moja na lilikuwa linarekebishika kwa safari ya matatu. Ile nyingine, ya kusema bado naediti kwa miezi sita, hiyo ndiyo iliyomchukua susu kwenye picha. Niliogopa kuonekana nimefeli tena. Nilikuwa nimeacha chuo, kamera ndiyo kitu pekee nilichokuwa nasema nakijua, na singekubali mtu aone kwamba hata hicho sijakijua vizuri. Kwa mtu ambaye hakuwahi kunihukumu hata siku moja.

Tulienda Mutomo na kitambulisho chake. Kijana wa saiba akakiskani, akakikuza, akafanya alichoweza. Wengi wenu mnaijua hiyo picha, iko kwenye programu za mazishi za nusu ya kaunti. Rangi imefifia, kingo zimepotea, mtu anaangalia kamera kama anashtakiwa. Susu aliyecheka mpaka akakohoa hayumo humo. Hiyo ndiyo iliyochapishwa, na hiyo ndiyo iko kwenye fremu sebuleni kwetu Wote.

Siku ya mazishi, baada ya kaburi, mjomba mkubwa akasema familia ipigwe picha. Nikamwambia sawa, lakini iwe saa kumi, kabla watu hawajala, na mkae nitakapowaambia. Akaniangalia kidogo. Akasema, "Haya, sema."

Niliwaweka wote kwenye kivuli cha nyumba, ambapo mwanga wa anga ulikuwa unawafikia sawa, mtu wa mwisho kushoto kama mtu wa katikati. Niliwasogeza pamoja, mistari mitatu iliyobanana ili wa mbele na wa nyuma wasiachane sana. Nikavaa lenzi yangu ya kawaida, nikaiweka milimita 24, nikarudi nyuma mpaka nikakaribia ua wa mbuzi. Watoto walianza kulalamika, pilau inapoa. Mjomba mmoja akauliza mbona naenda mbali kama naenda Kibwezi. Flashi ilikaa chini, imefungwa.

Nikapiga tatu. Halafu nikamwambia kila mtu asitoke, nikazumu kwenye kioo cha kamera, uso mmoja mmoja. Nilianza na waliokaa mkekani. Nilichukua kama dakika nne na watu walichoka na mimi. Mtoto mmoja alikuwa amefunga macho, nikarudia. Zile picha zilifika kwenye grupu usiku huohuo.

Kwa hivyo ukienda nyumbani na kamera, au umepewa kazi ya ntheo au bathidei ya shosho ya mtu, chukua haya kutoka kwangu.

Picha ya wote ipigwe kukiwa na mwanga. Usingoje wazee wamalize. Waambie mapema, saa kumi tunatoka nje dakika kumi, mtarudi. Utaona haya kuwaambia wazee hivyo. Waambie tu.

Ikiwa lazima utumie flashi ya kamera, rudi nyuma na uzumu kidogo, kwenye kamera kama yangu usiende chini ya milimita 18, na usiende mbali sana mpaka nguvu iishe. Toa kofia ya lenzi. Shuka kwenye kreti. Pandisha ISO hadi 800 au 1600, chembe kidogo kwenye picha hazijawahi kumfuta mtu. Panga watu karibu karibu, usiache mita mbili kati ya mstari na mstari.

Ikiwa ni usiku kabisa na hakuna stima, tafuta ukuta mweupe. Elekeza taa za gari kwenye ukuta, usizielekeze kwenye macho ya watu, halafu wapange watu ule mwanga unaorudi uwaguse wote. Weka kamera kwenye tripodi au kwenye boneti, waambie watulie kama mawe, piga polepole. Si lazima uwe na vifaa vya laki moja. Ukiwa na hela, flashi ya nje inayovaliwa juu ya kamera inakaa juu zaidi ya lenzi, na nyingi zina kipande cha plastiki cha kutandaza mwanga kwa lenzi pana. Mimi bado naweka akiba ya hiyo.

Na ukiharibu, sema. Sema siku hiyohiyo, mtu akiwa bado yuko. Watu watakuchoma kidogo kwenye grupu, mjomba atauliza kwani ulisomea nini, halafu mtapanga siku nyingine. Kuharibu picha ya mtu aliye hai ni kitu kidogo sana.

Ile ya Agosti bado ninayo. Sijaifuta. Mara moja moja naifungua naangalia kile kipande cha bluu, na ninajua mtoto wa miezi sita yuko hapo pia, anashikwa na mikono ambayo haionekani. Sasa ameanza kutembea. Siku moja ataniuliza kama aliwahi kupakatwa na susu, na nitamwambia ndiyo, nilikuwa hapo, nilikuwa juu ya kreti.

Kwa hivyo Jumamosi ukipiga, na mtu aliyekaa chini mbele akuulize, "Nimetoka?", zumu kwanza, ndio umjibu.